Boti ya kuvuta kwa gari, ya kuvulia na kulala: ipime ikiwa imesimama

SWALI: "Nataka kununua boti ndogo ninayoweza kuivuta kwa gari, ya kuvulia samaki na kulala majini usiku mmoja au miwili. Tutakuwa watatu: mimi, mke wangu na mtoto wa miaka 11. Mara nyingi tutakuwa ziwani, mara chache baharini karibu na nchi kavu. Gari langu limeandikwa kwamba linavuta kilo 2,000. Nimeonyeshwa boti tatu zilizotumika. Ya kwanza ina mita 5.2, iko wazi na ina hema la turubai. Ya pili ina mita 6.2, kabini ndogo mbele na injini ya nje ya farasi 115. Ya tatu ina mita 7.3, kabini ya kusimama, choo na jiko. Muuzaji wa ile ya 6.2 anasema ina kilo 1,150 tu, kwa hiyo gari litaivuta bila shida, na kwamba tumbo lake lenye V kali ndilo bora kwa kila kazi. Mke wangu anaitaka ile kubwa kwa sababu ya usalama. Nichukue ipi?"

JIBU: Ndugu msomaji, nikikusoma vizuri, una hofu mbili zinazovutana. Ya kwanza ni kununua boti ambayo gari halitaiweza. Ya pili ni kununua ndogo mno, familia ikalala usiku mmoja wa kubanana na isitake tena kusikia habari za maji. Zote mbili ni za haki. Umeuliza waziwazi, nami nakujibu waziwazi: ya mita 7.3 iache, ya 6.2 usiitolee hata malipo ya awali kabla haijapanda mzani, ya 5.2 usiidharau. Ningekuwa mimi ningeendelea kutafuta ya nne, ya mita 5.5 hadi 5.8. Nitakueleza kwa nini.

Tuanze na hizo kilo 1,150. Muuzaji huenda hasemi uongo. Uzito unaoandikwa kwenye karatasi za boti mara nyingi ni wa bodi tupu: bila injini, bila mafuta, bila betri, bila nanga, na bila trela lenyewe. Lakini gari lako litavuta vyote hivyo. Hebu tujumlishe. Injini ya nje ya farasi 115 ya mipigo minne ina karibu kilo 165. Lita moja ya petroli ina uzito wa kama gramu 740, kwa hiyo tangi la lita 150 likijaa ni kilo 111. Maji safi lita 40 ni kilo 40. Betri mbili za asidi, kilo 50. Nanga, mnyororo na kamba, 25. Fimbo za kuvulia, ndoano na sanduku la barafu, 60. Matandiko, jiko, vyombo na chakula cha watu watatu, 60 nyingine. Majaketi ya kuokolea, vifaa vya ufundi na choo cha kubebeka, 30. Trela la ekseli mbili linalofaa boti ya ukubwa huo, 450. Ukiongeza kwenye zile 1,150 unapata kilo 2,141. Gari la kilo 2,000 limeshazidiwa kabla hujatia samaki hata mmoja.

Utaniambia mafuta na maji mtajaza mkifika. Sawa, utapunguza kilo 151 na kubaki na 1,990. Bado uko ukingoni, na si jambo la busara kulifikisha gari ukingoni kila safari, kwenye milima, kwenye joto, na kwenye mteremko wenye utelezi unapoitoa boti majini. Mimi hushauri mzigo wote usizidi asilimia 85 ya uwezo wa gari, na kwako hiyo ni kilo 1,700. Tena kisome kitabu cha gari mpaka mwisho. Uwezo wa kuvuta trela lenye breki si sawa na wa kuvuta lisilo na breki. Huo wa pili mara nyingi ni kilo 750 au pungufu. Kipo pia kikomo cha gari na trela kwa pamoja, na hicho kinawahesabu ninyi watatu na mizigo yote mliyopakia ndani ya gari. Hiki watu hukisahau sana.

Uzito unakaa wapi nalo ni jambo. Trela linatakiwa kukandamiza kiungo cha gari kwa asilimia 7 hadi 10 hivi ya uzito wake wote, mradi kiungo na gari vinaruhusu kiasi hicho. Mzigo ukirundikana nyuma ya ekseli, trela hukosa uongozi. Lori likikupita, upepo wake unausukuma mkia, mkia unalivuta gari upande wa pili, gari linarudi, na kila mpindo unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia. Boti ya injini ya nje tayari ina kilo 165 zinazoning'inia mwisho kabisa wa mkia. Kwa hiyo mizigo ya safari ipangeni usawa wa ekseli au mbele yake kidogo, msiijaze tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti. Trela likianza kuyumba, achia mafuta taratibu huku umeshika usukani wima. Usikanyage breki kwa ghafla, wala usijaribu kulishinda kwa mwendo.

Kwa hesabu hiyo hiyo, ile ya mita 7.3 haihitaji maneno mengi. Boti ya urefu huo yenye kabini ya kusimama, pamoja na injini, mafuta na trela, hupita kilo 3,000 kwa urahisi. Upana wake nao huenda ukawa karibu sana na kikomo cha barabarani, ambacho katika nchi nyingi kiko kati ya mita 2.5 na 2.6. Ni boti nzuri kwa mwenye gari jingine, au kwa mtu anayeiacha majini mwaka mzima.

Mke wako hajakosea kutanguliza usalama. Ila usalama wa chombo kidogo hauji na ukubwa wa kabini. Kabini iliyoinuka hupandisha uzito juu na kukamata upepo mwingi, na boti ya namna hiyo nyepesi huyumba zaidi na kusukumwa zaidi kuliko fupi iliyokaa chini. Mwonyeshe kwanza kibao cha mtengenezaji. Boti zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya hubeba alama ya CE pamoja na herufi kati ya A na D. C imekusudiwa upepo usiozidi nguvu 6 kwenye kipimo cha Beaufort na mawimbi ya hadi mita 2. D ni ya maji yaliyotulia, upepo wa nguvu 4 na mawimbi ya sentimita 30 hivi. Kwa ziwa kubwa na bahari ya karibu, usishuke chini ya C. Kibao hicho pia kinataja idadi ya watu na uzito wa juu unaoruhusiwa. Kisha uliza povu la kuelea liko wapi. Marekani, kwa mfano, sheria inawataka watengenezaji wa boti za injini ya nje zenye urefu chini ya futi 20, kama mita 6.1, waziwekee uwezo wa kuelea zikiwa zimekaa sawa hata zikijaa maji. Boti isiyozama inawapa watu kitu cha kushikilia wakati wakisubiri msaada. Mimi ningebadilisha choo na jiko kwa jambo hilo moja bila kufikiri mara mbili.

Sasa nije kwenye kiini cha swali lako. Wanunuzi huijaribu boti ikikimbia. Muuzaji anafungua mafuta, omo, yaani sehemu ya mbele, inainuka, wote wanatabasamu, na mkataba unatiwa saini. Wewe lakini unataka kuvua na kulala, na kazi hizo zote mbili hufanyika boti ikiwa imesimama au ikijikokota. Katika safari ya saa 24 huenda mkakimbia saa mbili tu. Muda uliobaki chombo kinaelea, watu wanatembea ndani yake, wawili wanainamia ubavu mmoja kwa sababu samaki kashika, mmoja anachemsha chai, mwingine amelala. Boti yako inapaswa kuhukumiwa kwa tabia yake katika saa hizo.

Ndiyo maana maneno ya V kali yanahitaji kusahihishwa. Sifa yake ni ya kweli na ina historia. Mwaka 1960 boti iliyoitwa Moppie, yenye tumbo la V kali lililobuniwa na Mmarekani Raymond Hunt, ilishinda mashindano ya kutoka Miami hadi Nassau kwenye bahari iliyochafuka, na tangu hapo umbo hilo limeigwa duniani kote. Linafanya kazi kwa sababu ukali wa V huyakata mawimbi badala ya kuyapiga, hivyo mgongo wako unasalimika mkienda kasi. Lakini yale yalikuwa mashindano ya mwendo. Boti ikisimama, V ya nyuzi 20 hadi 24 pale tezi (ukipima jinsi kila upande wa tumbo unavyopanda kutoka usawa) haina sehemu pana ya kuegemea maji, kwa hiyo huenda mrama kila wimbi likipita na huinama haraka watu wakihamia upande mmoja. Inahitaji pia injini kubwa zaidi ili ipande juu ya maji, yaani kilo zaidi na petroli zaidi. Tumbo bapa, la nyuzi 10 au 12, ni kinyume chake: limetulia vizuri likisimama, linapanda kwa injini ndogo, ila kwenye mawimbi mafupi ya ziwani linagonga mpaka meno yanauma.

Kwa mtu wa ziwani anayeingia baharini kwa siku alizozichagua, ningetafuta katikati: nyuzi 15 hadi 18 kwenye tezi, omo iliyochongoka kiasi cha kukata wimbi, na upana wa mita 2.2 hadi 2.4. Upana ndio unaoleta utulivu mkubwa boti ikiwa imesimama. Kama utabaki ziwani tu, shuka hata nyuzi 14. Kama bahari ndiyo ingekuwa kazi yako ya kila wiki, ningekujibu vingine.

Jaribio lenyewe ni rahisi, na linafanyika boti ikiwa imefungwa gatini. Pakieni uzito unaokaribia wa safari, mitungi ya maji inatosha. Simameni wote watatu ubavu mmoja mkiushika ukingo. Tazameni inainama kiasi gani na inatulia mapema kiasi gani. Kisha watu wazima wawili waende kwenye kona ya tezi, karibu na injini, mahali ambapo mvuvi husimama akimvuta samaki. Kama maji yanaingia kwa matundu ya kutolea maji na kulowesha miguu yenu, hiyo ndiyo boti mtakayoishi nayo. Ukiweza, kaeni ndani ya kabini nusu saa kukiwa na viwimbi. Boti nyingi zina kingo zilizogeuzwa chini kandokando ya tumbo ili kutupa maji nje zikikimbia. Usiku viwimbi vidogo vinaingia chini ya kingo hizo na kupiga makofi, moja baada ya jingine, sentimita chache tu kutoka sikio la aliyelala. Sijaona tangazo la kuuza boti linalotaja jambo hilo, na linawakosesha watu usingizi kuliko mawimbi makubwa.

Kuhusu mwendo, usikubali kuambiwa kwamba ni lazima boti ikimbie. Chombo kisichopanda juu ya maji kina kikomo kinachotokana na urefu wake pale kinapokutana na maji: zidisha kipeuo cha pili cha urefu huo wa mita kwa 2.43 na utapata mwendo kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Kwa mita 6 hiyo ni kama noti 6, karibu kilomita 11 kwa saa, na injini ya farasi 15 au 20 inatosha. Ukipenda kuvua kwa kukokota mshipi, mwendo wako wa kazi tayari uko humo humo. Boti ya namna hiyo ni tulivu, haili mafuta, na hubeba mizigo bila kulalamika. Ubaya wake ni mmoja, na ni mzito: hali ya hewa ikigeuka ukiwa kilomita 15 kutoka kwenye mteremko wa kutolea boti, una saa moja na nusu ya kurudi. Kwenye ghuba zilizojificha ningeichagua. Kwenye ziwa pana lenye dhoruba za ghafla, ningetaka uwezo wa kukimbia hata kama nautumia mara chache. Boti ndogo za tanga zinavutika pia na nyingine zina vitanda vizuri kuliko za injini, lakini milingoti na kamba hukaa pale pale unapotaka kuzungusha fimbo ya kuvulia, kwa hiyo nitaziacha.

Injini ya farasi 115 ikifunguliwa yote hunywa lita 35 hadi 40 kwa saa. Kwa mwendo wa kawaida wa safari ni karibu nusu ya hapo. Gawanya tangi mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba isiyoguswa. Ukiona theluthi ya kwanza haikufikishi unakotaka kuvua, punguza umbali. Na ile kamba ya kuzimia injini ifungwe mwilini mwa mwendeshaji kila injini inapowaka, hata kwa hatua kumi.

Tuje kwenye kulala. Kitanda cha omo chenye umbo la V hupimwa na muuzaji mahali kilipo kipana. Wewe kipime kwenye miguu, halafu mlale. Urefu wa mita 1.9 ndio mdogo wa kuvumilika kwa mtu mzima, na juu ya godoro kuwe na sentimita 90 hivi ili aweze kuketi bila kugonga kichwa. Kabini ya boti ya mita 5.5 hadi 6.2 inalaza wawili, si watatu, hata brosha iseme nini. Mpango wa kweli ni mama na mtoto ndani, wewe nje kwenye sitaha ya nyuma chini ya turubai linalofunga pande zote. Kwa hiyo angalia kama sitaha hiyo ina mita 1.9 zilizonyooka bila sanduku la betri au kiti kisichong'oka katikati.

Watu wakilala kwenye kichumba kidogo, pumzi zao hugeuka maji kwenye kuta na dari. Asubuhi godoro limelowa kwa chini. Dawa yake ni hewa inayopita, tundu moja mbele na jingine nyuma, yote mawili yasiyoweza kuzibwa kabisa. Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu hewa hii ni zaidi ya suala la unyevu. Kitu chochote kinachowaka, iwe jiko la gesi, mkaa, taa ya mafuta, jenereta au injini yenyewe, kinaweza kutoa kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hung'ang'ania himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mtu anakosa hewa mwilini huku anapumua kama kawaida. Dalili zake za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na kwenye boti kila mtu hudhani ni mawimbi yanamchafua. Aliyelala hazisikii kabisa. Turubai lililofunikwa pande tatu huku injini inawaka pia ni hatari, kwa sababu hewa inayozunguka nyuma ya boti huurudisha moshi ndani. Usipikie ndani ya kabini iliyofungwa, usiingize mkaa hata kwa kuota, usilale injini au jenereta ikiwaka. Weka king'ora cha kaboni monoksidi kilichotengenezwa kwa ajili ya boti, kwenye chumba cha kulala, na ukijaribu kila safari. Mtu akipata dalili hizo, mtoeni nje kwenye hewa mara moja na mpelekeni hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

Mvuke wa petroli na gesi ya kupikia vyote ni vizito kuliko hewa. Vikivuja havipandi juu vikatoka. Hushuka ngamani, chini kabisa ndani ya boti, na kungoja cheche. Mtungi wa gesi ukae nje, kwenye sanduku lenye tundu la kumwaga nje ya boti. Petroli iliyo kwenye matangi ya kubebeka ijazwe nchi kavu, si ndani ya chombo.

Kisha nanga, ambayo usiku ndiyo injini yako. Inashika kwa sababu inavutwa kwa ulalo. Ikivutwa kwenda juu inang'oka. Ndiyo maana kamba lazima iwe ndefu na iwe na mnyororo mwanzoni, angalau urefu wa boti. Hesabu kina cha maji, ongeza kimo cha omo kutoka majini, ongeza maji yatakayojaa kama uko baharini, halafu zidisha kwa 5 kwa mapumziko ya mchana na kwa 7 kwa kulala. Kina cha mita 4, omo mita 1, maji kujaa mita 1.5: jumla 6.5, na kwa usiku unatoa mita 45. Tia nanga omo tu. Wavuvi wengi hupenda kuifunga tezi ili wavue wakitazama nyuma, na hapo ndipo boti ndogo hujaa maji: tezi iko karibu na maji, imelemewa na injini, na kamba inaivuta chini wimbi linapokuja. Washa taa nyeupe inayoonekana pande zote. Kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana majini za mwaka 1972 zinavisamehe vyombo vyenye urefu chini ya mita 7, lakini ni pale tu vinapokuwa mbali na njia za vyombo vingine na mahali pa kutia nanga. Usiutegemee msamaha huo.

Kwa uvuvi wenyewe sina mengi. Ukingo wa boti ukufikie katikati ya paja au juu zaidi, na kwa mtoto uwe juu zaidi ya hapo. Sitaha ya nyuma iwe juu ya usawa wa maji ili maji yamwagike yenyewe, na ngamani kuwe na pampu ya umeme pamoja na ya mkono. Waswahili husema tezi na omo marejeo ni ngamani; kwa maji yaliyoingia chomboni hilo ni kweli kabisa, na yakishafika humo hufanya kama maji kwenye sinia: boti ikiinama kidogo yote yanakimbilia upande ule ule na kuizidishia. Kama kuna tangi la chambo hai, kumbuka lita 80 ni kilo 80, nazo huwa tezi, karibu na injini.

Kwa boti iliyotumika, ugonjwa mkubwa haupo machoni. Boti nyingi za faiba zina plaiwudi iliyofichwa ndani ya ubao wa tezi unaobeba injini. Maji yakiingia kwa tundu la skrubu moja, mbao huoza huku nje kunang'aa. Inua injini hadi katikati, ishike kwa chini uitikise juu na chini, na mwenzako atazame ubao wa tezi. Usionekane kabisa kujongea. Gonga kwa kipini cha bisibisi sehemu mbalimbali: sauti kavu na kali ni nzuri, sauti ya kufa ni dalili ya unyevu au kuoza. Alumini haiozi na ni nyepesi, jambo linalokufaa kwa gari lako, ila ikitumika maji ya chumvi angalia vishimo vya kutu nyeupe karibu na vyuma vingine. Kwenye trela shika vitovu vya magurudumu baada ya safari fupi. Beringi zikifika mteremkoni zikiwa za moto na kuzamishwa kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani husinyaa na kuyanyonya maji. Grisi ikigeuka nyeupe kama maziwa, zimeshaharibika. Wakati wa kwenda, pumzikeni kidogo kabla ya kushusha.

Turudi kwenye hiyo boti ya nne. Bodi ya kilo 800, injini ya farasi 90 yenye kilo 160, petroli lita 90 (kilo 67), maji lita 20, betri 50, nanga 20, vifaa vya uvuvi 50, matandiko na chakula 50, majaketi, vifaa vya ufundi na choo 30, trela 400. Jumla ni kilo 1,647. Iko ndani ya zile 1,700, inalaza wawili kabinini na mmoja nje, na inakimbia hali ya hewa ikibadilika. Kama haipatikani, ile ya mita 5.2 yenye turubai ni chaguo la heshima: ni nyepesi, hewa inapita, nafasi ya kuvulia ni kubwa, na kwenye ziwa lenye kingo za kutua mnaweza kulala nchi kavu na kuitumia boti mchana. Udhaifu wake ni mvua ya upepo, na turubai linalokamata upepo boti ikiwa nangani. Ile ya 6.2 inarudi mezani endapo mzani utaonyesha ni nyepesi kuliko nilivyohesabu, au ukibadilisha gari.

Mambo matatu hayatatuliki kwa maandishi. La kwanza, boti na trela vipelekwe kwenye mzani wa malori vikiwa vimepakiwa, na ulizia leseni yako na bima vinaruhusu trela la uzito gani. La pili, mwite mkaguzi wa vyombo vya majini asiye na uhusiano na muuzaji, aje na kipimo cha unyevu, na fundi wa injini za nje apime mgandamizo wa kila silinda. Silinda moja ikipishana sana na wenzake, msiendelee. La tatu, kabla ya kwenda baharini, wewe na mke wako wote mfundishwe na mtu mwenye uzoefu kuishusha boti, kuirudisha kwenye trela na kuita msaada kwa redio ya VHF kwenye chaneli 16, maana wewe ukianguka majini, yeye ndiye nahodha. Muuzaji akikataa ukaguzi, au akikataa boti ijaribiwe ikiwa imepakiwa na imesimama, mshukuru na uendelee kutafuta.